Nilikatisha mfungo: je, ni mimi niliyemzuia kaka yangu asifunguliwe?

*"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa miaka 43, nimeokoka zamani, na nina kisukari, natumia vidonge. Kikundi chetu cha maombi kilitangaza mfungo wa siku 21: hakuna kula wala kunywa mpaka jioni, na siku tatu za mwisho ni kavu, usiku na mchana. Niliingia kwa ajili ya kaka yangu aliyezama kwenye pombe. Dawa za asubuhi niliziacha, nikawa nameza za jioni tu. Siku ya 19, ile ya kwanza ya kavu, nilianza kutetemeka, jasho likanitoka, nikawa sijielewi. Binti yangu akaninywesha maji ya sukari, nikapata nafuu, nikala. Kiongozi wetu aliposikia alisema nimekata mnyororo, na kwamba kaka hawezi kufunguliwa kwa sababu 'namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga'. Anataka nianze upya kutoka siku ya kwanza. Kaka bado anakunywa. Je, nimemkosea Mungu? Ni mimi niliyemzuia kaka? Nianze tena? Naona aibu kuongeza hili, lakini siku zote hizo nilikuwa mkali nyumbani kuliko kawaida yangu. Nisaidie."*

Amina, dada yangu. Nitangulize jibu ili usisome huku moyo ukikudunda. Hukumkosea Mungu kwa kunywa yale maji ya sukari. Si wewe uliyemzuia kaka yako. Usianze upya. Na kabla juma hili halijaisha nenda kliniki unakotibiwa kisukari, uwaeleze kila kitu kilichotokea siku ile, pamoja na kwamba ulikuwa umefunga na ulikuwa umeacha dozi za asubuhi. Wengi huficha hilo wakihofia kukaripiwa, na daktari anabaki kubadilisha dawa bila kujua sababu.

Kilichokupata siku ya 19 ni sukari ya damu kushuka, na ningependa uelewe imetokeaje, kwa sababu ukishaelewa hutaona tena kuwa ni udhaifu wa imani. Ini la mtu mzima huweka akiba ya sukari inayotosha kwa takriban siku moja bila chakula. Akiba hiyo ikipungua, mwili hugeukia mafuta yake wenyewe, na ini hutengeneza ketoni ambazo ubongo unaweza kuzitumia badala ya sukari. Kwa mtu asiye na ugonjwa, kongosho hupunguza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ili sukari iliyobaki isiporomoke. Lakini viko vidonge vya kisukari, kama glibenklamidi na gliklazidi, vinavyoilazimisha kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hajala. Ukimeza kidonge cha namna hiyo jioni, kisha ukaingia usiku na mchana bila chakula wala maji, dawa inaendelea kushusha sukari ambayo hakuna kinachoirudisha. Metfomini, dawa nyingine ya kisukari, ikitumiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Vipo pia vidonge vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo, na hivyo vina hatari yake kwa anayefunga: damu inaweza kujaa asidi ya ketoni hata kama kipimo cha sukari hakijapanda sana. Hukutaja unatumia vipi, na hata ungetaja, kupanga dozi si kazi ya mchungaji. Ni kazi ya kliniki.

Sukari ikienda chini ya milimoli 4 kwa lita, au miligramu 70 kwa desilita kwa mashine nyingine, mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio. Ikizidi kushuka, ubongo wenyewe unakosa cha kutumia: anachanganyikiwa, anaongea yasiyoeleweka, anaweza kupata degedege, kupoteza fahamu, hata kufa. Binti yako alifanya lililo sahihi kabisa. Mshukuru, na umwambie kwamba mtu akishazimia asimimine chochote kinywani. Hapo ni kukimbilia hospitali. Kuacha dozi za asubuhi nako kulikuwa na hatari ya upande wa pili, maana sukari ikipanda mwili huitoa kwa mkojo pamoja na maji mengi, na wewe maji hukuwa unayanywa.

Sasa nije kwenye lililokuumiza zaidi. Nyuma ya maneno ya kiongozi wako ipo imani ambayo nimeikuta kwa watu wengi wanaompenda Mungu kwa dhati: kwamba njaa yetu ina uzito, na uzito ukitimia Mungu hana budi kujibu, ukipungua kidogo tu, jibu linarudi lilikotoka. Inasikika kama bidii. Lakini ukiichunguza inamfanya Baba kuwa mtu anayehesabu saa zako za njaa huku akimwacha kaka yako apotee kwa sababu ya bilauri moja ya maji. Yesu alituambia kwamba Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba. Huyo si Mungu wa kulipwa.

Tuchukue siku 21 zenyewe, ambazo wengi huzitoa katika Danieli 10. Isome taratibu. Danieli hakufunga kavu. Kwa majuma matatu aliacha chakula kitamu, nyama, divai na kujipaka mafuta. Na malaika alipomfikia alimwambia kwamba maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza, alipotia moyo wake kufahamu na kujinyenyekeza mbele za Mungu wake. Siku ya kwanza, dada yangu, wala si ya ishirini na moja. Kilichochelewesha ujumbe kilikuwa pambano ambalo Danieli hakulijua wala hakulisababisha. Hakuambiwa popote kwamba laiti angelegeza siku ya 19 malaika angerudi njiani. Ukiniuliza ni lini Mungu alisikia kilio chako kwa ajili ya kaka yako, nitakujibu kwa sura hiyohiyo: siku ulipoinama mara ya kwanza.

Na ile aya ya "kusali na kufunga". Iko katika kisa cha kijana mwenye pepo ambaye wanafunzi walishindwa kumponya. Katika Marko 9:29, baadhi ya nakala za kale zaidi za Injili tulizo nazo zina "kuomba" tu; neno la kufunga halimo. Mathayo 17:21, ambayo katika Biblia ya Kiswahili ya Union imewekwa kwenye mabano, haimo kabisa katika nakala hizo. Sitajenga hoja yangu yote juu ya hilo, kwa sababu Kanisa limeisoma aya hiyo kwa karne nyingi na halikuona vibaya kuunganisha sala na kufunga. Nataka tu uangalie kisa chenyewe. Yesu hakumwambia yule baba arudi nyumbani afunge siku kadhaa kwanza. Baba alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto akaponywa palepale, imani ya baba ikiwa nusu.

Tena, kama njaa yenyewe ingekuwa na nguvu, ingemfanyia kazi kila anayeishika. Daudi alifunga siku saba, akilala chini, kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, na mtoto akafa. Hakuna nabii aliyekuja kumwambia alikosea hesabu. Aliinuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu, kisha akala. Yezebeli naye alitangaza mfungo ili Nabothi auawe. Katika Matendo 23 zaidi ya watu arobaini waliapa kutokula wala kunywa mpaka wamuue Paulo. Mfungo mkavu kabisa ule, na ulikuwa wa kuua.

Basi kufunga kuna kazi gani? Nisingependa uondoke hapa ukidhani nakuambia uache. Yesu alisema "mfungapo", akichukulia kwamba wafuasi wake watafunga. Alipoulizwa kwa nini wanafunzi wake hawafungi, alijibu kwamba walioalikwa arusini hawawezi kufunga bwana arusi akiwa pamoja nao, lakini siku zitakuja atakapoondolewa, ndipo watafunga. Kufunga kwa Mkristo ni kumtamani Bwana ambaye amekuja na bado tunamngoja. Mtu aliyefiwa hakumbuki chakula. Mtu mwenye shauku kubwa naye hakumbuki chakula. Tunaunyima mwili kwa muda ili mwili nao uombe kile ambacho moyo unasema unakitaka.

Zaidi ya hapo, kinachotokea ni cha kawaida sana, na ndiyo maana kina thamani. Njaa huja kwa mawimbi, hasa saa ulizozoea kula. Kila wimbi linakuuliza unaishi kwa nini. Kumbukumbu la Torati 8 inasema Mungu aliwaacha Israeli waone njaa jangwani ili wajue kwamba mwanadamu haishi kwa mkate tu. Ni neno hilo ambalo Yesu alilitumia alipokuwa na njaa mwenyewe na kushawishiwa ageuze mawe yawe mikate. Angalia alivyofanya: hakutumia siku arobaini za njaa kujipatia nguvu, alikataa kutumia nguvu alizokuwa nazo kwa faida ya tumbo lake. Anayefunga ili "apate nguvu" amegeuza kisa hicho kichwa chini miguu juu.

Hapa ndipo ukali wako wa nyumbani unapoingia, na usiuonee aibu kuusema. Sehemu yake ni mwili: sukari ikipungua, mwili hutoa adrenalini, na adrenalini humfanya mtu awe mwepesi wa hasira. Lakini si mwili peke yake. Chakula hutuliza mengi ambayo hatujayaleta kwa Mungu: uchovu, uchungu juu ya kaka, labda hasira kwa wengine wa ukoo wasiojali. Kikiondolewa, hayo yanapanda juu. Katika mambo yote uliyoyapata katika zile siku, hilo ndilo ningelichukua kuwa zawadi kubwa kuliko yote, kwa sababu sasa unajua cha kuombea. Isaya 58 inawakemea watu waliofunga huku wakigombana na kupigana ngumi. Waombe radhi watoto wako. Hilo nalo ni sehemu ya mfungo, na bado hujachelewa kulifanya.

Niseme pia jambo ambalo viongozi wengi hawalisemi. Kuanzia siku ya pili au ya tatu bila chakula, watu wengi huhisi wepesi wa ajabu, njaa inapungua, mawazo yanakuwa angavu. Mara nyingi hizo ni ketoni. Mungu anaweza kusema na mtu katika hali hiyo, lakini hali yenyewe si ushahidi kwamba amesema. Maono na maagizo yanayokuja mtu akiwa hajala wala kulala siku kadhaa yaandikwe, yasubiri, yapimwe kwa Maandiko na kwa watu wenye busara baada ya kula na kulala. Sijaona mtu aliyepoteza neno la kweli la Bwana kwa kusubiri juma moja.

Kuhusu kufunga kavu, nitasema waziwazi kwamba siungi mkono mtu yeyote kukaa siku tatu bila maji, hata mwenye afya. Figo zinahitaji maji kila siku, na mtu asiyekunywa kabisa anaweza kufa ndani ya siku chache, mapema zaidi kwenye joto. Esta aliomba siku tatu za namna hiyo mara moja, taifa lake likiwa limeandikiwa hati ya kuangamizwa. Musa alikaa siku arobaini bila maji mlimani mbele za Mungu, na hakuna aliyeamriwa kumwiga. Juu ya Yesu jangwani, Luka anasema hakula kitu na kwamba aliona njaa. Kiu haitaji.

Kanisa halijawahi kuwa na namna moja ya kufunga. Didake, mwongozo wa Wakristo wa zamani sana, unataja Jumatano na Ijumaa, na Waorthodoksi hushika siku hizo mpaka leo, zaidi kwa kuacha nyama, maziwa na mayai kuliko kwa kukaa bila chakula kabisa. Wakatoliki katika Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu hula mlo mmoja kamili na vitu kidogo mara mbili. Sheria yao inawahusu walio na miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60, na wagonjwa hawabanwi nayo. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alifunga Jumatano na Ijumaa kwa miaka mingi, akila alasiri. Hakuna kati ya hawa aliyefundisha kwamba mgonjwa aache dawa. Dawa si karamu.

Kwa hiyo, wewe ufanye nini? Njia ya kwanza ni kutofunga chakula kabisa, na kwa mtu mwenye kisukari anayetumia vidonge vinavyosukuma insulini, au anayejichoma insulini, mara nyingi hiyo ndiyo njia ya busara. Ugumu wake ni kwamba utajiona uko nje ya wenzako, na nisingependa kuupuuza upweke huo. Njia ya pili ni ya Danieli: unakula kwa saa zako zote na kumeza dawa zako zote kwa maji, lakini chakula ni cha kawaida kabisa, bila vitamu wala vya kujifurahisha. Kisukari chako hakitakulaumu kwa hilo, ingawa hata hapo usipunguze wanga ghafla bila kuiambia kliniki, maana dozi zimepangwa kulingana na unavyokula. Njia ya tatu ni kuacha mlo mmoja siku moja moja, na hiyo usiiguse mpaka daktari amekwambia dozi ibadilishweje, upime sukari mara ngapi, na ikifika kiasi gani ule mara moja bila kujadiliana na dhamiri. Njia ya nne ni kujinyima kitu kisicho chakula, kama simu baada ya jioni. Wapo wanaosema huko si kufunga. Nakubaliana nao kwa sehemu, kwa sababu njaa hugusa mahali ambapo simu haigusi. Lakini kwa mgonjwa, kujinyima huko kukitolewa kwa moyo ni sadaka ya kweli. Ningekuwa mchungaji wako, ningekushauri njia ya pili, siku moja au mbili kwa juma, bila kumtangazia mtu.

Wengine mnaosoma haya mkiwa wajawazito, mnanyonyesha, mna kifafa, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, au mnatumia dawa ambazo hazitakiwi kurukwa hata siku moja, ushauri ni uleule: ongeeni na anayewatibu kabla ya kuingia. Aliyewahi kujinyima chakula kwa sababu ya kuchukia mwili wake asifunge chakula hata kama daktari hajamkataza; kwake kufunga kunaweza kuuamsha ugonjwa ukiwa umevaa joho la utakatifu. Na aliyekaa zaidi ya siku tano akila kidogo sana au bila kula asirudie chakula kingi kwa mkupuo, kwani fosforasi na potasiamu vinaweza kuporomoka kwenye damu na moyo ukasimama. Huyo afungulie chini ya uangalizi wa hospitali.

Kiongozi wako usimwendee kwa ugomvi. Huenda naye alifundishwa hivyo na anakupenda. Mwambie una ugonjwa ambao nusura ukuue, kwamba utaendelea kuomba pamoja nao, na kwamba utakula. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba asiyekula asimhukumu alaye, kwa maana Mungu amemkubali. Akiendelea kukubebesha hatia ya kaka yako, au akikutaka uache dawa, hapo usivumilie kwa sababu ya heshima: nenda kwa mchungaji wa kanisa lako uso kwa uso, ukiwa na ndugu mmoja unayemwamini.

Nimebakiza kaka yako. Mchungaji wa Herma, maandishi ya Wakristo wa karne ya 2, yanamwambia anayefunga ahesabu gharama ya chakula ambacho angekula siku hiyo, ampe mjane, yatima au mwenye uhitaji. Isaya naye anaitaja saumu aliyoichagua Bwana: kumgawia mwenye njaa chakula chako, na kutojificha na mtu mwenye damu moja nawe. Umefunga siku 18 kwa ajili yake. Umekaa naye mara ngapi? Sikuulizi kwa kukulaumu, maana kukaa na mlevi kunachosha kuliko njaa. Lakini muda na fedha za mlo ule unaweza kuvipeleka kwake: umpelekee chakula akiwa hajalewa, mle pamoja, umsikilize bila mahubiri.

Na watu wakitaka kumpeleka kwenye maombi ya kufunga ili pombe iondoke siku hiyohiyo, wakatalie. Mtu anayekunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kupata degedege na kuweweseka ndani ya siku chache za mwanzo, na wengine hufa. Mwili wake pia mara nyingi umeishiwa vitamini B1, kwa hiyo njaa inamwongezea madhara. Kuacha kwake kuanzie hospitali, maombi yakiendelea. Akikubali kwenda, fuatana naye, na uwe umeandika anakunywa kiasi gani kwa siku na lini amekunywa mara ya mwisho, maana hayo daktari atayauliza mapema.